Simu Mkobani Jamani: Taarab ya Wanawake Ina Mlango



Msimu wa harusi umeshaingia. Kadi zinagawiwa, na mafundi cherehani hawapokei tena kitambaa kipya. Kabla hamjenda kuchukua sare zenu, tuna neno, na tunalisema bila ya kuzunguka: ukiingia kwenye taarab ya wanawake, simu yako itie mkobani, funga zipu, usiitoe mpaka umeshavaa buibui lako la kurudia nyumbani. Usimrekodi mwimbaji. Usiwarekodi wanaotoka kutunza. Usirekodi hata meza yako mwenyewe ukidhani wa meza ya nyuma hawaonekani, maana wanaonekana.

Tunajua wapo watakaosema tumezidi ukali, na wengine watasema tumepitwa na wakati. Basi mtujue kwanza. Sisi ni mashabiki wa taarab tangu kabla ya kuanza kuandika hapa. Kuna mwimbaji mmoja wa mjini kwetu, mama mtu mzima, ambaye tumemfuata harusi hata harusi kwa miaka. Wenye shughuli wanatutania kwamba siku tukikosa kadi tutaingia na wapakuaji wa biriani. Jina lake hatulitaji kwa sababu hatukumwomba ruhusa, na makala hii yote inahusu kuomba ruhusa. Lakini kila tunaloandika hapa tumelipata mbele yake.

Kumwona kwa macho ni kitu kingine

Nyimbo zake tunazo. Mama zetu walikuwa nazo kwenye kaseti zilizochakaa mpaka zikibanwa na penseli, sisi tukazipata kwenye sidii, na sasa zimo kwenye simu. Tunajua kila beti. Tunajua mahali anapovuta pumzi na mahali fidla inapomtangulia. Mtu akituuliza, mna haja gani tena ya kwenda kumtazama, joto lote lile na viatu vinabana?

Haja ipo, na aliyewahi kukaa mbele ya mwimbaji anayempenda anaijua.

Usiku unaanza na bashraf. Ganuni na fidla zinapiga bila ya mtu kuimba, na hapo ukumbi bado una kelele: watu wanasalimiana, watoto wanapita chini ya meza, udi unazungushwa, kila mtu anatazama nani kavaa nini. Yeye amekaa kwenye kiti pembeni, kikombe cha maji ya moto mkononi, anatazama chini kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Halafu anasimama. Hachezi wala harukiruki. Mkono mmoja kwenye maikrofoni, mwengine una leso. Dumbaki linabadilisha mwendo, na wanawake mia tatu wananyamaza bila ya kuambiwa.

Anapoanza ubeti wa kwanza, unagundua kwamba kwenye kaseti hukuwa umemsikia hata siku moja. Ulikuwa umesikia maneno. Sasa unamwona akimtazama mtu anapolitamka neno, na unajua fumbo hilo anamtupia nani. Unaona leso ikipanda mdomoni kabla ya kiitikio. Anaivuta herufi moja, anaivuta, ukumbi mzima unavutika naye, na akiiachia, vigelegele vinatoka kabla hujajua kwamba vimetoka kwako.

Halafu kutunza. Hili walioko mbali hawalielewi wakilitazama kwenye klipu, wanaona watu wanagawa pesa tu. Anayetoka kutunza hatembei kama anayekwenda kulipa bili. Anakwenda na ngoma, taratibu, noti mkononi imeinuliwa, na kila hatua anasema jambo. Ubeti umesema yaliyomo moyoni mwake, naye anasimama mbele ya watu kusema: hili ni langu. Aliyeachwa anatoka kwenye ubeti wa kuachwa. Aliyesemwa vibaya na jirani anatoka kwenye ubeti wa jirani, na akipenda anapita karibu na meza ya jirani huyo. Mwimbaji anaipokea noti, anamwangalia usoni, na kama ameona kitu pale, anaurudia ubeti.

Usiku mmoja tulimwona akiurudia ubeti mara nne. Bibi mmoja wa makamo ya bibi zetu alitoka na noti ya shilingi elfu mbili, akampa, kisha akabaki amesimama pale pale, machozi yanamtoka, hataki kurudi kwenye kiti. Hatukujua ana nini na hakuna aliyemuuliza. Mwimbaji akaashiria wapigaji wasimalize, akamwimbia tena, na tena, na mara ya nne akaimba kwa sauti ya chini kabisa kama anambembeleza mtoto. Bibi akafuta uso kwa ncha ya mtandio, akacheka, akarudi. Kwenye rekodi ubeti ule unaimbwa mara moja. Ule uliorudiwa mara nne uliishi ukumbini na ukaishia ukumbini, na walioupata ni waliokuwepo.

Neno lenyewe taarab limetoka kwenye Kiarabu, tarab, ule mtikisiko wa moyo unaompata msikilizaji. Katika muziki wa Misri, ambako Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim kujifunza ganuni karne ya 19, msikilizaji ni sehemu ya muziki. Umm Kulthum alikuwa akiimba Alhamisi ya kwanza ya mwezi, redio ya Cairo ikirusha, na wimbo mmoja ukiweza kupita saa nzima. Mashairi yake hayakuwa marefu kiasi hicho. Waliokuwa ukumbini ndio waliokuwa wakimjibu, wakimwomba arudie, naye akirudia kila mara kwa namna nyengine. Umtoe msikilizaji anayejibu, wimbo unafupika.

Sasa tuambieni, msikilizaji anajibu vipi ikiwa mikono yake miwili imeshika simu?

Msitu wa mikono

Tulichokiona harusi za karibuni ni hiki. Mwimbaji anasimama, na mikono inapanda. Haipandi kupiga makofi. Mbele yake hakuna uso hata mmoja, kuna migongo ya simu na taa zake zinazomchoma macho. Anatafuta wa kumtazama anaposema neno lake, hampati, basi anatazama ukuta. Anaimba beti zake kama zilivyo kwenye rekodi, anamaliza, anakaa. Na kwa nini asifanye hivyo? Waliokuja kumsikiliza wanahangaika na kioo, wanamvuta karibu kwa vidole viwili ilhali yupo hatua tano mbele yao.

Kutunza nako kumeharibika. Zamani ulikuwa unatoka ukitaka. Sasa anayetoka anatoka na mtu wa kumrekodi, anageuza uso kwenye kamera badala ya kwa mwimbaji, noti anaitoa pole pole ili picha ikae vizuri, na akishapigwa picha anarudi hata ubeti haujesha. Na yule ambaye ubeti umemgusa kweli, ambaye angetoka na machozi yake na noti yake ya elfu mbili, hatoki. Anaona simu ishirini zimemwelekea. Anabaki kwenye kiti na lake moyoni.

Hiyo ndiyo hasara ya kwanza, na hata asiyejali dini wala sitara anapaswa kuiona. Tumelipa nauli, tumeshona sare, tumeacha watoto kwa mama mkwe ili tukamwone mwimbaji wetu kwa macho, halafu tukifika tunamtazama kwenye kioo cha inchi sita. Hiyo tungeipata nyumbani tukiwa tumelala.

Aliyelipa ni nani?

Hasara ya pili ni kubwa zaidi.

Taarab ya wanawake ina mlango. Watu wengi wanausahau mlango ule. Pale mlangoni pana mwanamke amekaa, anatazama kadi, na mwanamme hapiti. Kwa ajili ya mlango ule ndio tunavua buibui. Tunakaa kwa gauni, nywele zimesukwa, asumini kichwani, piko na hina mpaka kiwiko. Mama wa watoto sita anayeonekana mtaani macho tu, mle ndani anacheza. Hakuvunja haya yake hata kidogo. Haya yake ndiyo iliyomfanya achague mahali penye mlango.

Jambo hili wazee wetu walilijua. Unyago ulikuwa na mlango wake. Mwanamme hakujua kinachofundishwa na kuchezwa mle, na mwari aliyetoka hakusimulia. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa taarab jukwaani, kwetu sisi alikuwa pia mwalimu wa unyago aliyewatia wari wasiohesabika. Siri ya mtungi aijuaye kata. Vikundi vya akina mama kama Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun, pamoja na ushindani wao wote wa sare na nyimbo za kupigana vijembe, vilikuwa na adabu zao za nani anaingia na lipi linatoka nje.

Simu inautoboa mlango huo. Aliyeko mlangoni anamzuia mwanamme mmoja, na aliyeko ndani anawaingiza wanaume elfu kwa kidole kimoja.

Tunamjua mwanamke mmoja, hatutasema wa mtaa gani. Alikwenda harusi ya mtoto wa dada yake. Alikuwa ametoka eda ya mumewe miezi michache nyuma, na ndugu zake ndio waliomshika mkono: twende ukachangamke. Mwimbaji akaimba wimbo ambao marehemu mumewe alikuwa akiupenda, naye akatoka kutunza, akacheza kidogo na akalia kidogo. Msichana wa meza ya mbele, wala hakuwa na nia mbaya, alimrekodi kwa sababu alimwona amependeza, akaitia klipu kwenye stetasi ya WhatsApp. Bi harusi hajashuka jukwaani, klipu imeshafika barazani kwa wanaume. Kwanza aliijua mtoto wake wa kiume wa miaka kumi na saba, kwa sababu wenzake walimwonyesha wakicheka. Wakasema mjane huyu mbona ameshachangamka.

Msichana aliifuta klipu. Aliomba radhi, akalia. Lakini unafuta yako tu, zilizokwishachukuliwa huzifuti. Na yule mama mpaka leo haendi taarab. Mwimbaji aliyempenda tangu usichana wake hamwoni tena. Kadi zikija anatuma zawadi. Jee, nani katika hadithi hii alifanya kosa, na nani analipa?

Hapa dini yetu haikutuacha gizani. Tumefundishwa kwamba kikao ni amana na yanayopita ndani yake hayachukuliwi nje. Tumekatazwa kupelelezana. Tumeahidiwa kwamba anayemsitiri mwenziwe Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Mafunzo haya tunayajua tangu chuoni. Tulipokuwa wadogo tulidhani yanahusu umbeya wa mdomo tu. Umbeya wa siku hizi hauhitaji mdomo, na una picha.

Hoja tunazozisikia

"Ni kumbukumbu tu." Kumbukumbu ya nani? Fungua simu yako sasa hivi uhesabu klipu za harusi ulizorekodi mwaka jana, halafu utuambie ngapi umezitazama zaidi ya mara mbili. Zimejaza simu mpaka huwezi kupokea picha ya cheti cha mtoto. Mama zetu hawana klipu hata moja ya taarab za ujana wao, na ukiwakalisha jioni moja watakuhadithia nani aliimba nini, nani alitunza ubeti gani na kwa sababu gani, na rangi ya gauni. Wanayakumbuka kwa sababu walikuwa wanatazama.

"Jamaa zangu wa Maskati na London hawakuweza kuja." Hii tunaielewa, na inatuuma, maana sote tuna dada au shangazi aliyeko huko anayelia kwenye simu siku ya harusi. Lakini dada yako anataka kumwona bi harusi, anataka kuwaona mama na bibi. Mpigie picha hao, kwa ruhusa yao, chumbani, kabla ya kutoka. Jirani wa mama yako na wanawe hana deni na dada yako. Na tusidanganyane: anayeirusha mubashara kwa watu wote haiirushi kwa ajili ya dada yake.

"Mbona ukumbini mna wapiga fidla wanaume? Mbona mpiga akodioni anawaona?" Swali zuri. Vikundi vingi vina wanaume jukwaani, na kila mwanamke anajua hivyo kabla ya kuingia. Wengine hubaki na mitandio yao, wengine hukaa nyuma, na baadhi ya nyumba huweka pazia. Kila mtu anapima mwenyewe kwa anachokijua. Siku hizi pia tuna vikundi vya wanawake watupu. Tausi, kilichoanzishwa na Bi Mariam Hamdani mwaka 2009, wanawake wake wanaimba na kupiga ala wenyewe, na wasichana wengi wamejifunza ala kwenye Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi hapa mjini. Mwenye kutaka shughuli ya wanawake watupu hakosi pa kuanzia. Lakini mzee mmoja aliyeinamia ganuni yake, ambaye umemwona naye amekuona na umechagua kuingia, huwezi kumlinganisha na watu usiowajua katika nchi usizozijua, ambao hukuwachagua.

"Kama una haya, usivue mtandio. Aliyecheza amejitakia." Maneno haya yanatuchoma zaidi kwa sababu mara nyingi wanayasema wanawake. Aliyevua mtandio nyumbani kwake na jirani akamchungulia dirishani, utamlaumu nani? Ukumbi wenye mlango ni nyumba kwa usiku ule. Mwenye kosa ni anayechungulia.

"Tatizo ni taarab yenyewe, acheni kwenda." Wapo ndugu zetu katika imani wanaoamini hivyo, na mzozo wa muziki ni wa wanazuoni, sisi hatuuwezi na wala hatuuingii. Asiyekwenda tunamheshimu. Tunachomwomba ni kimoja. Anapoletewa klipu ya mwanamke wa watu anacheza, asiisambaze kwa jina la nasaha. Tumeona klipu zikizungushwa kwenye makundi na maneno ya kusikitika chini yake, tazameni umma ulipofika. Anayesikitika kweli anafuta. Anayesambaza, hata akilia, amemvua mwenziwe mara ya pili.

"Lakini Sauti za Busara watu wanarekodi." Ndiyo, na hapo tunatofautisha. Tamasha lile tangu 2004 limekuwa la wote, wake kwa waume, wenyeji kwa wageni. Tukienda Ngome Kongwe tunakwenda tumevaa kama tunavyokwenda Forodhani, tunajua kamera zipo, na hakuna aliyeahidiwa mlango. Tuliowahi kumwona Bi Kidude kwenye jukwaa la wazi, peku, ngoma yake imefungwa kiunoni, tulimwona pamoja na dunia nzima na hapakuwa na siri. Hata huko bado tunasema chukua picha yako moja kisha teremsha mkono, walioko nyuma yako nao wamelipa. Lakini hiyo ni adabu ya kawaida. Ya harusini ni amana.

Mwimbaji naye ana haki

Tusimsahau aliyetukusanya. Tunasema tunampenda, haya tumtazame anakulaje.

Mwimbaji wa harusi anaishi kwa malipo ya shughuli na kwa tunzo, na malipo yale wanagawana watu kumi au zaidi, pamoja na gari la kubebea vyombo. Akitunga wimbo mpya, akauimba mara ya kwanza harusini Jumamosi, Jumapili asubuhi upo mitandaoni: sauti inakwaruza, mtoto analia, umekatwa katikati, na jina lake hata halikuandikwa. Wiki ya pili anakuta wimbo ule unaimbwa na wengine. Watazamaji wanaongezeka kwenye ukurasa wa aliyerekodi, ambaye hata kutunza hakutunza, maana mikono ilikuwa na kazi.

Watu wanasema tunamtangaza. Tukimwuliza mwenyewe alisema hivi, kwa upole wake: anayetaka kunitangaza anipigie simu nimpe wimbo uliorekodiwa vizuri. Hakuna aliyewahi kumpigia.

Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeanza kwa kuuza vyungu, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Sahani zile zikauzwa pwani yote ya Afrika Mashariki na sauti yake ikafika kwa watu ambao hawangemwona maisha. Kwa hivyo hatusemi sauti ya mwanamke isirekodiwe, wala hatusemi wimbo usisafiri. Siti alipanda meli akijua anakwenda kurekodi. Alijua siku na alijua nyimbo. Hakuna aliyemvizia kwenye harusi ya watu akiwa amechoka, sauti imekauka, saa nane ya usiku. Kwa nini mwimbaji wetu, karibu miaka mia baadaye, awe na hiari ndogo kuliko ya Siti? Na Zanzibar tuna ofisi ya hakimiliki, COSOZA, kwa sababu wimbo ni mali ya mtu. Tunaijua sana hakimiliki inapokuja kwenye mtindo wa gauni letu ulioigwa. Tuijue na kwenye jasho la wenzetu.

Basi tunataka nini?

Tunataka mambo yanayowezekana, na tumeshayaona yakifanywa katika shughuli mbili tatu nzuri.

Mwenye shughuli aandike kwenye kadi, mstari mmoja tu: tafadhali, hakuna kurekodi. Anayeweza kuandika rangi ya sare na saa ya kufika hashindwi na hilo. Kisha aseme tena kwenye kipaza sauti kabla ya bashraf, yeye au mama wa bi harusi, maana neno la mama linasikilizwa kuliko tangazo.

Mlangoni awekwe mtu mzima mwenye heshima, na vifuko vidogo vya kitambaa. Kila anayeingia anapewa kifuko, anatia simu yake mwenyewe, kinafungwa kwa uzi, anakaa nacho. Hakuna anayenyang'anywa kitu. Mwenye mtoto mgonjwa nyumbani anayesubiri simu anakaa karibu na mlango, ikilia anatoka nje kuipokea. Tumeona mafundi wetu wakishona vifuko hivyo kwa mabaki ya kitambaa cha sare, na wageni wakavichukua kama zawadi.

Picha za bi harusi apige mpiga picha mmoja, mwanamke, wapo wengi sasa na wanahitaji kazi. Apige jukwaani tu, asigeuze kamera kwa waliokaa, na picha zikabidhiwe kwa bi harusi mwenyewe.

Mwimbaji naye asione haya. Akiona simu imepanda, anyamaze. Wapigaji waendelee taratibu, yeye asubiri mpaka simu ishuke. Hatahitaji kusema neno. Meza za jirani zitamshughulikia mwenye simu. Tunajua anaogopa kuudhi waliomkodi. Basi waliomkodi wamwambie mapema kwamba ana ruhusa hiyo.

Na sisi mashabiki ndio wenye kazi kubwa. Ukimwona shoga yako kainua mkono, mguse begani, mwambie kwa upole: teremsha, anakutazama wewe. Ukiletewa klipu, usiifungue mara mbili, usiipeleke kwa mtu, mwambie aliyekuletea aifute. Usiseme aaah, mbona ni mfupi tu. Klipu ya mjane yule ilikuwa ya sekunde kumi na nne.

Vijana wetu wa kike mnaosoma hapa, tunajua nyinyi mmekua na simu mkononi, na kuambiwa muitie mkobani mnaona kama mnaambiwa mfumbe macho. Jaribuni usiku mmoja. Harusi moja tu, wimbo mmoja wa mwimbaji mnayempenda, tangu bashraf mpaka kiitikio cha mwisho. Mtazameni usoni. Ubeti ukiwagusa, tokeni mkatunze, hata kwa elfu moja, na mpokee anavyowaangalia. Kesho yake hamtakuwa na cha kuonyesha kwenye stetasi. Mtakuwa na cha kuhadithia, na siku moja mtahadithiwa watoto wenu wanaouliza mwimbaji yule alikuwaje.

Na yule mama, inshaallah, tunataka arudi. Tunataka apate kadi inayosema hakuna kurekodi, aamini kwamba imesema kweli, avae, atie asumini, aje akae meza ya mbele. Wimbo wake ukipigwa atoke. Hilo haliwezekani kwa dua peke yake. Linahitaji kila mmoja wetu afunge zipu.

Wenye shughuli za msimu huu, anzeni nyinyi. Mungu azijaalie kheri ndoa zenu.